Kodi tano za waya mmoja, na ya sita iliyozaliwa gereji

Gari na malalamiko yake

Gari ni dogo la petroli, injini ya lita 1.6 yenye silinda nne, gia otomatiki, umri wa miaka kumi na moja, kilomita zikikaribia 168,000. Aina yake, pamoja na kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe au gereji zilizoligusa, vimeachwa makusudi.

Lalamiko lilikuwa hili: gari likiwa barabarani, taa ya injini inawaka ghafla na pedali ya mafuta inakufa. Unakanyaga, injini inabaki kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, gari linajikokota. Ukizima, ukakaa dakika moja, ukawasha tena, nguvu inarudi ingawa taa haizimiki. Mwanzoni ilitokea mara moja kwa wiki, baadaye karibu kila siku. Mwenye gari alikuwa na neno moja ambalo halikuandikwa kwenye karatasi ya gereji yoyote kati ya mbili za mwanzo: hitilafu hupenda kuja kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hasa kwenye foleni.

Gereji mbili za kwanza

Gereji ya kwanza ilichomeka kifaa kidogo cha kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huandika. Juu ya orodha ilikuwa P0107, inayohusu sensa ya presha ya manifoldi (njia ya hewa inayoingia kwenye silinda), ile inayoitwa MAP. Sensa ikabadilishwa, kodi zikafutwa, gari likaenda siku tatu bila tatizo. Liliporudi, mwenyewe akahamia gereji ya pili. Huko zikasomwa P0122 na P0222, zote za nafasi ya throto, mlango unaodhibiti hewa inayoingia kwenye injini. Ikafungwa throto nzima iliyotumika, kutoka gari la aina hiyohiyo. Safari hii ilikuwa wiki moja ya amani, kisha pedali ikafa tena katikati ya makutano. Hukumu ya gereji ya pili ikawa kwamba kompyuta ya injini imeharibika na inunuliwe nyingine. Mwenye gari alisita, na hapo ndipo gari lilipofika gereji ya tatu.

Kodi zilizokutwa, na ambazo hazikukutwa

Gereji ya tatu haikufuta chochote. Ilisoma kodi zote za moduli zote, yaani kompyuta zote za gari, ikaandika ipi ni ya sasa, ipi inasubiri kuthibitishwa, ipi ni ya kudumu, kisha ikanakili data iliyoganda, yaani picha ya hali ya injini pale kodi ilipoingia. Kufuta kodi, na mara nyingine kuchomoa betri, hufuta picha hiyo pia. Gereji mbili za kwanza zilikuwa zimeifuta kila moja mara moja.

Orodha ilikuwa hii:

- P0641: volti rejea A ya sensa haiko sawa.
- P0107: ishara ya sensa ya MAP iko chini.
- P0122 na P0222: ishara ya sensa ya kwanza na ya pili ya nafasi ya throto iko chini.
- P0532: ishara ya sensa ya presha ya gesi ya kiyoyozi iko chini.
- P0507: injini inazunguka haraka kuliko inavyotakiwa pedali ikiwa haijakanyagwa.

Data iliyoganda ya P0107 ilionyesha mwendo wa kilomita 34 kwa saa, maji ya injini nyuzijoto 93, na kwenye data za mtengenezaji, kiyoyozi kimewashwa. Ya P0507 ilikuwa tofauti kabisa: gari limesimama, maji 88, mizunguko 1,060, na imeingia siku nyingine.

Ukiacha P0641, kodi nne zinazoifuata zina neno moja linalozifunga, nalo ni "chini". Ili kuona uzito wa neno hilo ni lazima kujua sensa hizi zinavyolishwa. Volti ya betri haitulii. Wakati wa kupiga stata inaweza kushuka hadi 10, na jenereta ikichaji inapanda kupita 14. Sensa ikipimia kwenye volti inayoyumba hivyo itatoa majibu yanayoyumba. Kwa hiyo kompyuta hutengeneza volti 5 tulivu, ndiyo volti rejea, na kuituma kwa sensa za nyaya tatu: mmoja wa volti 5, mmoja wa ethi, mmoja wa kurudisha ishara. Ishara ni sehemu tu ya zile volti 5. Ukiondoa volti 5, ishara inaanguka karibu na sifuri hata kama sensa ni mpya kutoka kwenye boksi. Na kwa kuwa waya wa volti 5 hugawanywa kwa sensa kadhaa, zote zinaanguka pamoja.

Kinyume chake kinafaa kukumbukwa. Ingekuwa ethi ya pamoja ndiyo imekatika, ishara zingepanda kuelekea volti 5, na kodi zingekuwa za "juu": P0108, P0123, P0533. Sensa ya joto la maji nayo, ikiwa inatumia ethi hiyohiyo, ingesoma baridi isiyowezekana ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapa ilisoma 93 bila kutikisika. Ethi ikaondolewa kwenye orodha ya washukiwa kabla ya boneti kufunguliwa.

Jambo jingine lilitoka kwenye mchoro wa umeme. Gari hili lina volti rejea mbili. A inalisha MAP, throto na sensa ya gesi ya kiyoyozi. B inalisha pedali ya mafuta na sensa nyingine. Hakukuwa na kodi hata moja ya pedali, wala P0651 ambayo ndiyo ya rejea B. Kwa hiyo pamoja na kwamba dereva alihisi pedali imekufa, pedali ilikuwa nzima. Kompyuta ilikuwa imekata umeme wa mota ya throto kwa sababu haikujua tena throto iko wapi. Springi ikairudisha kwenye uwazi mdogo wa dharura, na ndiyo maana ya mizunguko 1,500 isiyosikia mguu.

Swali likabaki moja: nani anaishusha rejea A? Majibu yanayowezekana ni matatu tu. Sensa mojawapo imepiga shoti ndani, waya umepiga shoti kwenye bodi, au kompyuta haitoi volti.

P0507 iliwekwa pembeni. Haikuwa na neno "chini", iliingia siku nyingine, na ilianza baada ya throto kubadilishwa.

Vipimo vya siku ya kwanza

Betri ilipimwa kwanza: volti 12.5 ikiwa imepumzika, 14.2 ikichajiwa. Ni kipimo cha nusu dakika na kinazuia kufukuza vivuli, maana betri dhaifu inaweza kuzaa kodi za kila aina.

Soketi ya MAP ikachomolewa, swichi ikawashwa bila injini kuwaka. Kati ya pini ya volti 5 na hasi ya betri: 5.01. Kati ya pini hiyohiyo na pini ya ethi ya sensa: 5.00. Tofauti ya 0.01 inasema ethi ni nzima. Kwa maneno mengine, kila kitu sawa. Pengine hapa ndipo gereji ya pili ilipoishia, kama ilipima, na ndipo mzigo wote ulipoangukia kompyuta. Lakini hitilafu inayokuja na kuondoka haipimwi ikiwa haipo. Kinachotakiwa ni kuivizia.

Soketi ikarudishwa, pini nyembamba ikapenyezwa kwa nyuma ya soketi, kando ya mpira wa kuzuia maji, hadi iguse chuma cha waya wa volti 5. Kutoboa ganda la waya kwa sindano ni njia ya mkato inayoacha tundu, tundu linaingiza maji, na baada ya miezi kuna kijani cha kutu ndani. Kusukuma ncha nene ya multimita kwenye tundu la soketi kwa mbele nako hutanua kishikio chake, na gari linaondoka na hitilafu ambayo halikuja nayo.

Multimita iliwekwa kwenye hali ya kuhifadhi kiwango cha chini na cha juu. Baadhi ya multimita hunasa mporomoko unaodumu walau sehemu ya kumi ya sekunde, na hiyo ilitosha. Kwenye skana, kifaa cha kusoma kodi na data za kompyuta, zilichaguliwa data tano tu: presha ya manifoldi, nafasi ya throto, presha ya gesi, joto la maji, nafasi ya pedali. Ukichagua data ishirini, skana inazizungukia polepole na tukio linapita kati ya mzunguko na mzunguko.

Injini ikawashwa, kiyoyozi kikawashwa, feni ikaanza. Dakika ya kumi na nne, mizunguko ilipanda na pedali ikafa. Multimita: kiwango cha chini 0.14. Kwenye skana, manifoldi ilianguka chini ya kilopaskali 10, presha ambayo injini inayozunguka bila mzigo haiwezi kuwa nayo, kwani hukaa jirani na 30. Throto na gesi ya kiyoyozi zikaanguka palepale. Maji na pedali hazikucheza.

Injini ikazimwa, swichi ikarudishwa bila kuwasha. Kwa bahati volti ilibaki chini, 0.2. Sensa zikaanza kuchomolewa moja moja huku macho yakiwa kwenye multimita. MAP: bado 0.2. Throto: bado 0.2. Sensa ya gesi ya kiyoyozi, ambayo kwenye gari hili mkono huifikia kwa taabu kati ya grili na kondensa: 5.01.

Hitimisho likaandikwa kwamba sensa ya gesi imepiga shoti ndani. Kodi zilikubali, kiyoyozi kilikubali, dokezo la mwenye gari lilikubali. Kwenye gari hili sensa hiyo hukaa juu ya vali inayojifunga yenyewe, kwa hiyo hubadilishwa bila kumwaga gesi. Si magari yote yana vali hiyo, na kuifungua bila kuhakikisha ni hatari kwa macho na vidole. Sensa mpya ikafungwa, kodi zikafutwa, gari likaondoka.

Siku ya sita likarudi na kodi zilezile tano.

Kosa lilikuwa wapi

Kanuni ya kuchomoa sensa ni sahihi: volti ikirudi baada ya kuchomoa sensa fulani, sensa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiishusha, isiporudi hata baada ya kuchomoa zote, ni waya au kompyuta. Tatizo ni kwamba kuchomoa soketi iliyobana ni kuvuta fungu zima la nyaya. Volti ilirudi kwa sababu waya ulisogea, si kwa sababu sensa ilitoka.

Kulikuwa na njia mbili rahisi za kuligundua hilo palepale. Ya kwanza ni kuichomeka tena. Sensa yenye shoti ingeishusha volti tena papo hapo, kila mara, mara kumi kati ya kumi. Kurudishia hakukufanywa. Ya pili ni kuipima sensa iliyotolewa ikiwa mezani: ipewe volti 5 kupitia multimita iliyowekwa kupima mkondo. Sensa nzima ya aina hii hunywa miliampia chache tu. Yenye shoti hunywa kila inachopewa. Sensa ya zamani ilipimwa hivyo siku ya sita, na ilikuwa nzima.

Tusiwe wakali mno kwa fundi. Ushahidi wote ulielekea upande huo, na ukweli haukuwa mbali: shoti ilikuwa kwenye tawi la sensa hiyohiyo, sentimita arobaini tu kutoka kwenye soketi yake.

Vipimo vya siku ya sita

Safari hii kazi ilianzia upande wa pili. Hasi ya betri ilitolewa, dakika chache zikapita, soketi za kompyuta zikachomolewa, na sensa zote tatu za rejea A zikachomolewa. Baada ya hapo waya wa volti 5 haukuwa umeunganishwa na kitu chochote. Multimita ikawekwa kwenye omu, yaani kupima upinzani, ncha moja kwenye pini ya rejea A ndani ya soketi ya kompyuta, upande wa nyaya, nyingine kwenye bodi. Waya ulioachiwa hivyo hautakiwi kusoma lolote.

Ilisoma hakuna muungano. Fungu la nyaya likaanza kutikiswa kipande kwa kipande, kuanzia kwenye kompyuta, likapita chini ya manifoldi ambako waya unagawanyika matawi matatu, likafika mbele. Hakuna. Kisha kijiti cha mbao kikaingizwa nyuma ya grili na kusukuma fungu dhidi ya kondensa. Omu 1.8. Kikaachiwa, hakuna muungano. Kikasukuma, 1.8.

Tawi la mbele lina soketi ya kati karibu na taa ya kulia. Ikafunguliwa. Sasa hata kijiti kisukume vipi, upande wa kompyuta haukuonyesha kitu, na upande wa mbele uliendelea kuonyesha omu 1.8. Shoti ikawa imefungiwa kwenye kipande cha waya kisichofika mita moja.

Bampa la mbele likatolewa. Fungu la waya wa sensa ya gesi lilitakiwa kushikwa na klipu mbili za plastiki kwenye fremu ya rejeta. Zote mbili hazikuwepo. Fungu lilikuwa limelala juu ya ukingo wa breketi ya chini ya kondensa, ukingo usio na mpira. Tepu ilikuwa imelika, ganda la waya wa volti 5 limekatika hadi kwenye shaba kwa urefu wa milimita tatu, na waya wa ishara pembeni yake umelika nusu ya unene wa ganda. Kwenye breketi kulikuwa na doa linalong'aa, saizi ya punje ya mchele.

Mwenye gari alipoulizwa kama bampa liliwahi kutolewa, alijibu ndiyo: gari liligongwa kidogo mbele, bampa na taa vikabadilishwa, miezi michache kabla ya hitilafu kuanza. Swali hilo lilipaswa kuwa la kwanza siku ya kwanza, pamoja na dokezo la kiyoyozi. Kiyoyozi kikiwashwa, feni ya mbele huzunguka hata gari likiwa limesimama, fremu inatetemeka, na waya unacheza juu ya ukingo. Foleni haikuwa na uhusiano na mwendo wala joto la injini. Ilikuwa tu mahali ambapo feni hufanya kazi muda mrefu.

Kabla ya kurekebisha chochote, kila kitu kilirudishwa kwenye nafasi yake, swichi ikawashwa, kodi zikafutwa, na waya ukabonyezwa kwenye breketi kwa kijiti. Volti 0.1, na kodi zote tano zikaingia tena, moja baada ya nyingine. Ukiweza kuiita hitilafu na kuifukuza kwa kidole, hujabaki na la kukisia.

Marekebisho

Nyaya zote mbili, za milimita mraba 0.5, zilikatwa. Shaba ya waya wa volti 5 ilikuwa na rangi ya kijani, ikafuatwa kwa kukata sentimita mbili hivi kila upande hadi ilipotokea shaba nyekundu inayong'aa. Kuunga juu ya shaba ya kijani ni kupanda hitilafu ya mwaka ujao, kwa sababu upinzani hukua polepole na volti huanza kupungua kabla ya kukatika.

Vipande vya waya mpya wa unene uleule viliungwa kwa viungio vya kubana, vikafunikwa na mirija ya kusinyaa kwa joto yenye gundi ndani. Gundi ndiyo kizuizi cha maji. Mrija usio na gundi, sehemu hii ya gari inayopigwa na maji ya barabarani, haufai. Viungio vya nyaya hizo mbili viliachanishwa kwa sentimita nne ili visikae bega kwa bega na kufanya uvimbe. Juu yake ikazungushwa tepu ya kitambaa, fungu likaingizwa kwenye mrija wa plastiki wenye mikunjo, na klipu mbili zikafungwa kwenye matundu yake ya asili. Umbali kutoka kwenye breketi ukawa sentimita mbili. Ukingo wa breketi ukapigwa tupa na kuvalishwa mpira.

Kompyuta haikuguswa. Rejea A ilipimwa kwa dakika ishirini injini ikiwaka, kiyoyozi na feni vikiwa kazini, fungu likitikiswa kwa mkono. Kiwango cha chini kilikuwa 4.98. Kompyuta iliyohukumiwa kifo ilikuwa ikifanya kazi yake muda wote: mzunguko wa volti 5 kwa kawaida huwa na kinga inayopunguza mkondo shoti ikitokea, na shoti ikiondoka hurudi. Ndiyo sababu kuzima na kuwasha kulirudisha nguvu.

Onyo moja hapa, kwa sababu linahusu kosa linalofanyika sana. Mzunguko wa volti 5 haupimwi kwa taa ya majaribio ya balbu. Balbu inavuta mkondo mwingi kuliko mzunguko huo ulivyoandaliwa kutoa, na taa iliyofungwa kwenye chanya ya betri inapeleka volti 12 mahali ambapo hapakutakiwa kupita 5. Kompyuta iliyokuwa nzima asubuhi inaweza kuwa imekufa kweli jioni.

Kodi ya sita

P0507 haikutokana na waya. Throto iliyofungwa na gereji ya pili ilikuwa nzima, ila kompyuta haikufundishwa nafasi yake mpya ya kufunga. Kila throto hufunga tofauti kidogo na nyingine, uchafu unaoganda pembezoni mwa bamba lake nao ni tofauti, na kompyuta hutunza kumbukumbu ya ile iliyoizoea. Ukibadilisha throto ukaacha kumbukumbu ya zamani, hewa inapita zaidi au pungufu, na mizunguko haishuki inapotakiwa.

Mafunzo yalifanywa kwa skana, injini ikiwa imepata joto la nyuzi zaidi ya 80, taa na kiyoyozi vimezimwa, mguu haupo kwenye pedali, betri imeunganishwa na chaja isishuke katikati. Utaratibu hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo hufuatwa ule wa gari husika. Mizunguko ilishuka kutoka 1,060 hadi 710.

Kulikuwa na hoja ya kurudisha throto ya asili. Iliachwa kwanza. Marekebisho ya waya yalikuwa hayajathibitishwa barabarani, na kubadilisha kitu cha pili wakati huo kungechanganya majibu.

Matokeo

Gari liliendeshwa kilomita 60 siku hiyo, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, zikiwemo nusu saa za kusimama injini ikiwaka. Kodi hazikurudi. P0641 ilibaki kwenye orodha ya kodi za kudumu, ambazo kwa kawaida skana haizifuti. Kompyuta huzifuta yenyewe ikisharidhika na majaribio yake. Mwenye gari alielezwa hivyo mapema, asije akasoma kwenye kifaa kidogo cha mtu mwingine na kudhani kazi haikufanyika. Baada ya wiki tatu na kilomita 900 hivi orodha hiyo ilikuwa tupu, na majaribio yote ya ndani ya kompyuta yalikuwa yamekamilika.

Uchambuzi

Cha kuangalia kwanza ni kwa nini kila dawa ya uongo ilionekana kuponya. MAP ilibadilishwa, siku tatu. Throto, wiki. Sensa ya gesi, siku sita. Kila mara mafundi waliinua boneti, wakachomoa soketi, wakasukuma nyaya, wakafuta kodi. Waya ukahama milimita chache kutoka kwenye ukingo, kisha mtetemo wa feni ukaurudisha. Kwa hitilafu ya kuja na kuondoka, muda wa amani baada ya kubadilisha kifaa hauthibitishi kifaa. Kipimo cha haki ni kulinganisha na muda mrefu zaidi ambao gari limewahi kukaa salama kabla ya kuguswa. Hapa ulikuwa wiki nzima tangu mwanzo, kwa hiyo siku tatu au sita hazikuwa habari.

Gereji ya kwanza ilisoma P0107 kama jina la kifaa. Kodi hiyo inasema kwamba volti kwenye waya wa ishara wa MAP iko chini ya kiwango, basi. Sensa, waya wa ishara wenye shoti, au volti 5 iliyopotea, vyote vinaandika kodi ileile. Kupima volti 5 kwenye soketi kabla ya kununua sensa ni kazi ya dakika tano, ingawa kwa haki ni lazima kusema kwamba siku hiyo pengine ingesoma 5.01 na isiwasaidie. Kilichokuwa kimeandikwa wazi kwenye orodha kamili ya gereji ya tatu, na hakikuhitaji multimita, ni P0641. Kifaa kidogo cha gereji ya kwanza kilionyesha kodi tatu tu, nayo haikuwemo. Kodi ya volti rejea ikiwa kwenye orodha pamoja na kodi za sensa, huanziwa hiyo, kwa sababu nyingine ni watoto wake.

Gereji ya pili ilifanya kosa zito zaidi: kuhukumu kompyuta kwa kuondoa washukiwa waliofahamika, bila kipimo kimoja kwenye kompyuta yenyewe. Ili kompyuta ihukumiwe kwa kukosa volti 5, ni lazima soketi zake zichomolewe, waya upimwe na kukutwa haujagusa bodi, umeme na ethi zake zipimwe na kukutwa kamili, kisha irudishwe na volti 5 ikosekane pale hitilafu inapotokea. Hakuna hata kimoja kilichofanyika.

Gereji ya tatu ilifaulu pale ilipopanga kodi kwa kinachoziunganisha na kutazama kodi zilizokosekana. Kukosekana kwa kodi za pedali kulikata nusu ya nyaya za gari. Ilishindwa pale iliporidhika na kipimo kimoja kisichorudiwa. Pia ilichelewa kuuliza historia ya gari, na huenda hilo ndilo lililogharimu zaidi kuliko kosa la sensa: fundi anayejua kwamba bampa lilitolewa miezi michache kabla ya hitilafu angeanza na tochi mbele ya rejeta.

Sensa ya MAP na throto za asili zilikuwa bado kwenye buti la gari. Zilipimwa mezani kwa volti 5: MAP ilifuata pampu ya mkono ya kuvuta hewa bila kuruka, throto ikatoa ishara mbili laini bamba likifunguliwa hadi mwisho. Zikarudishwa kwa mwenyewe zikiwa na karatasi iliyoandikwa "nzima", pamoja na sensa ya zamani ya gesi.